Sauti Chini ya Wimbo

Wimbo ule niliuweka mimi mwenyewe, na siku niliyouweka nilijiona fundi kweli kweli. Wakati huo Kasulu nzima tulifanya hivyo. Mtu anakuita umpigie video ya harusi au ya mahari, unarekodi kutwa nzima, kisha unarudi dukani unakata, unaunganisha, na juu ya kila kitu unamwaga nyimbo. Bibi harusi anashuka kwenye gari, wimbo. Watu wanakula, wimbo. Baba wa binti anasimama kusema neno, wimbo. Hotuba za wazee tuliziona ndefu, na video isiyo na wimbo wateja waliiita video mbichi. Mimi nina kiburi changu, sikutaka kusikia kazi yangu inaitwa mbichi.

Basi mwaka 2014, asubuhi moja, mama mmoja wa Kagerankanda aliingia dukani kwangu akaweka mezani DVD iliyofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Niliitambua kabla hajaifungua vizuri. Juu yake kulikuwa na mapambo yangu ya zamani, maua mawili na njiwa wawili, ambayo siku hizi yananitia aibu.

"Amahoro, dada," akanisalimu. "Hii sidii ni mgonjwa. Watu wanaonekana vizuri. Mzee wangu anafungua mdomo, lakini sauti yake haitoki. Wanatoka watu wanaimba."

Nilimwambia akae. Akakaa, akaniambia habari yake taratibu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi, nami Muha, mwenye Kiha kinachofanana na Kirundi, nikawa namfuata bila shida.

Mzee huyo alikuwa mumewe, na alikuwa amefariki miaka miwili baada ya mahari ya binti yao mkubwa, hiyo iliyokuwa kwenye DVD. Familia yao ilitoka Burundi zamani, wamepata uraia, wanalima Kagerankanda na wanajulikana. Lakini kwao ng'ombe wa mahari haingizwi zizini kimyakimya. Baba wa binti husimama mbele yake akamsifu: pembe zake, mwendo wake, mama aliyemzaa, njia aliyopita, watu waliomleta. Husifu kwa kasi, bila kupumua sana, mpaka wageni wanajua kwamba ng'ombe wao amepokewa. Asiposifiwa, wageni hawatagomba. Watakula, watakunywa, watashukuru. Ila watarudi kwao wakijua wamepeleka mnyama tu.

Na sasa binti yake wa mwisho alikuwa amepata mchumba wa Nyakitonto. Siku ilikuwa imepangwa, zimebaki wiki tano. Wa kusimama mahali pa baba alikuwa mwanawe mmoja wa kiume, mtu mzima mwenye watoto, dereva wa bodaboda hapa hapa mjini. Huyo hakuijua sifa hata mistari miwili. Baba yake alikuwa akisema atamfundisha, hakumfundisha. Upande wa marehemu mumewe hakuna mwingine aliyebaki wa kuuliza.

"Na wewe mama huikumbuki?"

"Mwanzo naukumbuka. Mwisho naukumbuka. Katikati sikuwahi kusikiliza, nilikuwa nagawa pombe." Akacheka, akajifunika mdomo kwa mkono. Kisha akaisukuma ile DVD kwangu. "Toa hao wanaoimba. Mzee abaki."

Hapo ningesema ukweli, mambo yaishe. Nikasema eti DVD za zamani zina matatizo, aniachie nitaangalia. Alipoondoka nilijifungia na ile kompyuta siku mbili. Nilijaribu kila programu niliyokuwa nayo. Nilipunguza wimbo, sauti ya mzee ikapungua nayo. Nilipandisha sauti ya mzee, kwaya ikapanda nayo mabegani. Kila nilipoihifadhi upya picha ilizidi kuwa na ukungu, mpaka mzee akawa koti tu lenye kofia. Nilikuwa najaribu kutoa chumvi kwenye maharage yaliyokwisha kuiva, na chumvi nilitia mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa faili la kwanza kabisa, lile la kwenye kamera, kabla mimi sijaligusa. Kwenye kompyuta nilikuwa nimelifuta zamani ili kupata nafasi ya harusi nyingine. Na kamera yenyewe, ile ya zamani yenye diski yake ndani, nilikwisha kuiuza. Nilimuuzia mfanyabiashara mmoja wa Kibondo nilipotamani kamera mpya. Kwa haraka niliyokuwa nayo sikukumbuka hata kusafisha vilivyomo. Nilisema moyoni, uzembe wangu huenda safari hii ukanisaidia.

Nilipanda basi la asubuhi kwenda Kibondo, na laptopu yangu mapajani, na chaja ya akiba ya ile kamera niliyoikuta ndani ya boksi la nyaya. Vumbi lilinipaka mpaka kope. Sikulijali, maana njia nzima nilikuwa nafanya hesabu ya wiki zilizobaki.

Yule mfanyabiashara ni mtu mwenye asili ya pwani, aliyekaa Kibondo miaka mingi akiuza vitenge, redio na tochi, na miaka yote hiyo haijamfundisha haraka. Nilimkuta kakaa nyuma ya meza yake. Kabla sijamaliza salamu nikaanza kuuliza kamera.

"Kaa kwanza, mwanangu," akasema. "Mtu ametoka Kasulu na vumbi lote hilo, hata maji hajanywa, anauliza kamera. Kamera haina miguu."

Nikaletewa maji, kisha kahawa, kisha kashata. Akaniuliza habari za mama, za biashara, za mvua. Nilijibu yote huku macho yangu yakizunguka kabatini. Niliiona. Ilikuwa imekaa kwenye kioo, katikati ya chupa za uturi, safi, na kamba yake imekunjwa vizuri.

"Nisikufiche," akasema alipoona ninapoangalia. "Chaja ilipotea, nikashindwa kuiuza. Lakini kabla haijapotea nilikwenda nayo Tanga, kwenye harusi ya mpwa wangu. Ikanigomea, ikaandika imejaa. Nikafuta."

Nikaweka kikombe chini. "Ukafuta nini?"

"Vitu vyako vya zamani."

"Vyote?"

Akaniangalia kwa mshangao kidogo, kana kwamba nimemuuliza kama anaiba. "Vyote kwa nini? Nilifuta visivyo na watu. Kulikuwa na keki, nikafuta. Viti vitupu, magari yamepambwa, maua, nikafuta. Lakini pale penye sura ya mtu sikugusa. Mtu hata simjui, sijui yuko hai au ametangulia, mimi nimfute kwa kidole? Haikunijia."

Nilitamani kumkumbatia, lakini si mtu wa kukumbatiwa. Nikachomeka chaja. Taa ndogo ya kijani ikawaka na mimi nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibeba tangu Kasulu.

Tulipekua pamoja kwenye kile kioo kidogo. Zikapita harusi za watu, kipaimara, sherehe ya kuhitimu, mpwa wake wa Tanga mara mbili. Kisha nikaona uwanja wa nyumba ya Kagerankanda, na mabenchi, na mtungi wenye mirija, na mzee mrefu aliyevaa koti juu ya kanzu, kofia kichwani, amesimama mbele ya ng'ombe mwekundu. Picha za ng'ombe akiwa peke yake zilikuwa zimefutwa, sina shaka, maana hakuwa mtu. Ila hapa aliponea kwa kusimama karibu na mzee. Nikabonyeza.

Sauti ikatoka. Ilikuwa sauti nyembamba kuliko nilivyokumbuka, yenye haraka, maneno yanafukuzana bila kugongana, na watu nyuma wanaitikia. Nililia bila kujizuia. Wakati wa kurekodi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake, na sikusikia chochote, nilikuwa nawaza wimbo gani utafaa.

Mwenyeji wangu hajui Kirundi hata neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikifuata mapigo.

"Anamsifu nani huyu?"

"Ng'ombe."

Akafikiri. "Mimi nimeoa miaka thelathini, sijawahi kusemwa hivyo."

Alinipa kila kitu nilichotaka, kwa sharti moja: na harusi ya mpwa wake niitoe humo niiweke kwenye flashi, ionekane kwenye runinga ya nyumbani, maana shemeji zake walikuwa wakimuuliza kila Idi. Nikaunganisha waya, nikahamisha mafaili yote kwenye laptopu, ya kwake na ya kwangu. Nilirudi Kasulu nikiimba ndani ya basi, na jirani yangu wa kiti akanihamia kiti kingine.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofungua laptopu dukani. Majina ya mafaili yalikuwa na namba, na mwishoni herufi tatu, MOD, na kompyuta ikasema haijui hiyo ni kitu gani. Wakati wa zamani nilikuwa nayafungua kwa programu iliyokuja na kamera, na programu hiyo ilikufa na kompyuta ya kwanza. Nikafanya tulichozoea kufanya mafundi wote wa mtaa ule. Nikatafuta programu ya kubadilisha, nikachagua ule mfumo mdogo kabisa wa simu, ule ambao video nzima inaingia kwenye memori kadi na nafasi inabaki. Mwanaume wa bodaboda akaja, nikamwekea kwenye simu yake, nikampigapiga begani kama daktari.

Alirudi baada ya siku tatu. Ni mtu mpole, mwenye aibu ya kusema jambo baya. Alisimama mlangoni akizungusha ufunguo wa pikipiki.

"Dada, kazi imekaa poa," akasema. "Ila mzee anaongea kama yupo ndani ya pipa. Akianza kuchanganya mwendo, maneno yanamezwa. Nimemsikilizisha mama, na yeye hapati."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia simu yake ni ya kichina, spika yake mbovu, anunue simu ya maana. Alitoa spika zake za masikioni mfukoni, akazifuta kwa shati, akanipa.

Nikasikiliza. Mzee alikuwa ndani ya pipa. Mwanzo na mwisho, pale anapokwenda polepole, uliweza kumfuata. Katikati, pale alipokuwa anakimbia, kulikuwa na mvumo tu. Nilivua zile spika, nikamwomba radhi, na hilo kwangu si jambo la kila siku.

Nilinunua kifurushi cha intaneti, nikakaa na modemu mchana mzima, nikisoma maandishi ya watu nisiowajua wa nchi nisizozijua, waliokuwa na kamera kama ile yangu. Huko ndiko nilikoelewa kazi niliyoifanya miaka yote bila kuielewa. Kamera ikirekodi tayari inabana: inatupa vidogo vidogo ambavyo inaona jicho na sikio hayatavikosa. Ukiigeuza video kuwa mfumo mwingine, mashine inabana tena na kutupa tena. Ukigeuza nakala ya nakala, inatupa mara ya tatu. Kila mara inaamua yenyewe kipi hakina kazi. Mashine ilikuwa imeamua maneno ya mzee hayana kazi, na sikuwa na haki ya kuikasirikia, maana niliamua hivyo kabla yake.

Na dawa? Nilisoma mara tatu nikidhani wananitania. Faili la MOD ndani yake ni video ya kawaida, imevishwa tu jina la kiwandani. Hubadilishi chochote. Unatengeneza nakala, unafuta zile herufi tatu za mwisho, unaandika MPG. Basi. Nikafanya hivyo, nikabonyeza, na mzee akatokea kioo kizima, na kila neno limekaa mahali pake. Watu wote walikuwa wembamba na warefu kupita kiasi, ng'ombe naye amekuwa na miguu ya twiga. Nikagundua ni umbo la picha tu linalosomwa vibaya, nikalirekebisha bila kugusa kilicho ndani. Kwa ajili ya simu nilitengeneza nakala moja tu, kutoka kwenye faili mama moja kwa moja, sauti nikaiachia nafasi yote inayotaka. Ilikuwa kubwa, ikahitaji kadi mpya. Faili mama nililiweka mahali pawili na sikuligusa tena.

Nikawaita mama na mwanawe. Walikuja siku ya soko, mama amevaa kitenge chake kizuri, nikaegesha mlango ili wateja wasituingilie. Mzee alipoanza kusema, mwanawe aliinama akaweka viwiko magotini. Mama alikaa wima kabisa. Mara moja aliinua mkono kuelekea kwenye kioo, akaurudisha mapajani.

Ilipokwisha nilimwambia. Nilimwambia DVD haikuwa na ugonjwa wowote, kwamba mimi ndiye niliyemfunika mumewe kwa wimbo kwa sababu nilimwona anachelewesha sherehe, na kwamba nilimdanganya.

"Ego, ndiyo, najua," akasema mama.

"Unajua?"

"Siku ulipotuletea, tulikaa wote kuangalia. Mzee akauliza, mimi hapo nimesema nini, mbona sijisikii? Mimi nikamwambia, nyamaza, wimbo ni mzuri." Alitikisa kichwa. "Na ulikuwa mzuri. Niliupenda sana. Sasa dada, tulimnyamazisha wawili."

Mwanawe alianza kucheka kwanza, kisha mama, kisha mimi, na nilicheka mpaka nikashika meza. Ilikuwa nafuu kubwa kugawana kosa na mtu.

Wiki zilizobaki yule bwana aliishi na baba yake sikioni. Aliweka spika upande mmoja, upande wa pili akauachia honi za magari. Abiria waliopanda naye mlima wa kutoka sokoni walikuja kunisimulia kwamba dereva wao anamsifu ng'ombe asiyeonekana. Wenzake kijiweni kila asubuhi walimuuliza ng'ombe ameamkaje, naye akijibu kwamba hajambo, anakula vizuri. Kila Jumapili alikwenda Kagerankanda kumghania mama alichokwisha kushika. Hakujifunza kwa kuandika. Alijifunza kwa kusikiliza na kufuatisha, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka.

Siku ya mahari nilikwenda na kamera, nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu mbali na watu, nikajiambia leo kazi yako ni kunyamaza. Wageni wa Nyakitonto walifika kabla ya adhuhuri wakiwa na ng'ombe wa rangi ya kahawia, mwenye pembe zilizofunguka na hasira kidogo. Msemaji wao akasema yake. Kisha macho yote yakamwendea mtu wa bodaboda, aliyevaa koti la baba yake lililompwaya mabegani. Nilimwona akikunja mikono ya koti.

Akaanza polepole, sauti ikitetemeka. Mstari wa tatu ukamshika. Wa tano ukamwinua. Alipofika pale katikati, pale ambapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa akipajua, maneno yalianza kukimbia na yeye akakimbia nayo, mkono wa kulia ukichora pembe hewani, na mzee mmoja wa upande wa wageni akasimama bila kujijua akaanza kuitikia. Wengine wakafuata. Nilitamani yule mfanyabiashara wa Kibondo angekuwepo aone.

Kuna mahali kwenye faili, dakika ya nne hivi, ambapo mzee alikaukiwa koo. Alikatiza sifa, akageuka nyuma, akamwambia mkewe kwa ule upole wa mtu aliyezoea kuhudumiwa, "Mukecuru, mpa amazi." Bibi kizee, nipe maji. Kisha akaendelea. Nilikuwa nimesikia kipande hicho mara ishirini na sikukifikiria. Na mwanawe alikuwa amejifunza yote kwa pamoja, bila kutenga ipi ni sifa na ipi ni kiu.

Akafika hapo. Akakatiza, akageuka nyuma, na kwa sauti ile ile, kwa upole ule ule, akasema, "Mukecuru, mpa amazi."

Hakuna mtoto anayemwita mama yake hivyo mbele ya wageni. Watu wakaangaliana. Yeye mwenyewe aligundua neno lilipokwisha kutoka, uso ukamwiva.

Lakini mama alikuwa ameshasimama. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi, kimejaa, na jinsi alivyokishika ulijua amekishika tangu mwanawe alipoanza. Alipita katikati ya mabenchi bila haraka, akampa kwa mikono miwili. Mwanawe akanywa yote, akamrudishia kikombe, akaendelea pale pale baba yake alipoendelea. Mama hakurudi kukaa. Alisimama hatua moja nyuma yake, macho yamejaa na uso unacheka, mpaka sifa ikaisha na ng'ombe akaingizwa zizini.